Kuitazama upya "Arrival", sehemu ya kwanza ya The Prisoner

Kabla hujabonyeza chochote, rekebisha televisheni. Tamthilia hii ya Uingereza ya mwaka 1967 ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, uwiano wa picha 4:3, na televisheni nyingi za leo huivuta ijaze kioo. Ukikuza picha, robo yake inakatwa juu na chini. Ukiitanua, Patrick McGoohan, mwigizaji mkuu, anavimba mashavu na puto jeupe linalolinda humu linageuka yai. Acha weusi ubaki pembeni. Zima pia mpangilio wa kulainisha mwendo. Ukiuacha, filamu nzuri inaonekana kama video ya harusi.

Nimetumia toleo la Blu-ray lililosafishwa kutoka filamu asilia. Rangi zimekolea: miavuli yenye mistari, makoti yenye ukingo mweupe, kuta za Portmeirion, kijiji cha hoteli huko Wales ambacho msanifu Clough Williams-Ellis alianza kukijenga mwaka 1925. Kichekesho ni kwamba Waingereza wa 1967 waliziona rangi zote hizo kwa nyeusi na nyeupe, kwani ITV, kituo kilichoirusha, haikuanza kurusha rangi hadi 1969. Rangi zilikuwa za kuuzia Marekani. Jaribu kuondoa rangi kabisa kwenye mandhari ya chumba cha udhibiti: Kijiji, mahali anakofungiwa jasusi wa hadithi hii, kinapoteza usherehe wake na kubaki gereza tupu.

Ung'avu huo una gharama. Mtu akisimama nje halafu kamera ikamsogelea, mara nyingi umeshahamishiwa studio ya Borehamwood, na pazia la nyuma yake linajisema lenyewe. Kwenye nakala za zamani zenye ukungu hukuliona.

Usiruke utangulizi. Kwa dakika kama 3, bila neno hata moja kusemwa, jasusi anaendesha Lotus Seven jijini London, anatupa barua ya kujiuzulu mezani, anapulizwa gesi nyumbani kwake na kuzinduka katika chumba kinachofanana na chake. Anafungua pazia: si London.

Kuanzia hapa ninafichua mambo, hadi mwisho wa sehemu.

Ukiitazama mara ya pili, vitisho havina haja ya bunduki. Simu inataka namba yako kwanza. Teksi ni ya huduma za hapa hapa tu. Muuza duka ana ramani, tena ya aina mbili, ndogo na kubwa ya rangi. Zote zinaonyesha Kijiji, milima na bahari, basi. Hakuna anayemkatalia mtu kitu. Kila huduma inafika mpakani na kuishia pale, kwa tabasamu. Huu ndio uandishi bora wa George Markstein na David Tomblin, na waongozaji wengi wangeupita haraka. Don Chaffey hakuupita.

Rover, mlinzi wa Kijiji, lilikusudiwa kuwa chombo chenye injini. Kilipogoma kufanya kazi, wakachukua puto la hali ya hewa. Bahati iliyoje! Mashine ingechekesha leo. Puto linalomfunika mtu usoni, huku ukiona mdomo wake ukivuta ngozi nyeupe, bado linakaba koo.

Sasa mtego wa Cobb, mwenzake wa zamani jasusi wetu, anayedaiwa kujiua. Angalia vizuri: hatuoni akiruka dirishani wala hatuoni maiti. Tunaambiwa, kisha tunaonyeshwa jeneza. Mara ya kwanza nililimeza lote. Vivyo hivyo kwa helikopta: Nambari 6, jina analopewa jasusi wetu Kijijini, anapewa kirahisi mno kifaa cha kuifikia, anaruka, na chumba cha udhibiti kinamrudisha chini kama kishada. Virginia Maskell anaicheza nafasi ya mwanamke anayempa kifaa hicho kwa huzuni ambayo hailazimishi huruma. Mtazame usoni helikopta inapogeuka.

Pa kulalamikia papo. Hospitali inaburuta, na mitambo yake imechakaa kuliko kitu kingine chochote humu. Pia Nambari 2, mkuu wa Kijiji, anabadilika katikati, Guy Doleman akimwachia George Baker, bila maelezo. Mgeni anaweza kudhani amesinzia. Hajasinzia. Kiti hicho hubadilisha mtu karibu kila sehemu katika zote 17.

Nyota 4 kati ya 5. Hospitali imekula ya tano.