Gereji iliyonitengenezea haidroliki ya Massey 135, na pampu yangu waliyobaki nayo

Nilisema nitasubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haipoi, na watu wameshaanza kulima, basi naandika nayo hivyohivyo. Ni gereji moja ya matrekta pale Arusha. Jina silitaji, mwanangu kanikataza, anasema nitaitwa polisi. Wenye matrekta wa huku Magugu mtaijua tu, maana wengi tumepita mle.

Trekta ni Massey Ferguson 135, ile iliyotengenezwa Coventry, Uingereza, aliyoiacha marehemu baba. Najua mtasema ni ya kizamani. Aina hiyo ilianza kutoka kiwandani 1964 na ikasimama 1975, kwa hiyo hata ya mwisho kabisa si mtoto. Lakini injini inawaka asubuhi bila kubembelezwa, na spea hazisumbui kwa sababu India na Pakistani waliendelea kutengeneza ndugu zake miaka yote hii. Tabu yangu ilikuwa mikono ya nyuma tu, ile inayonyanyua plau kwa nguvu ya oili, yaani haidroliki. Ukinyanyua plau, linapanda vizuri. Likifika juu linashuka kidogo, linapanda, linashuka tena, kama mtu anayesinzia kanisani. Ukizima injini, ndani ya muda wa kuvuta sigara moja diski za plau zimeshakaa chini. Kwenye udongo wetu mweusi huwezi kufanya kazi hivyo. Ukigeuza kwenye kona plau linachota tope, trekta inalemewa, dereva anakuangalia wewe.

Tuliipakia kwenye lori hadi Arusha. Nikamweleza fundi mkuu hayo yote, na sikumaliza. Nilipofika kwenye "linapanda linashuka" akanikata: "Pampu. Imekwisha." Hakuipanda trekta. Hakuinyanyua hata mara moja. Alikuwa anaongea na simu sikio moja na mimi sikio la pili.

Kwa wasioijua Massey: pampu haikai nje ukaiona. Iko ndani ya tumbo, nyuma ya gia, imezama kwenye oili, na inazungushwa na shafti ileile inayokwenda PTO, pale nyuma panapozungusha mashine unazofunga kwenye trekta. Oili ya gia na ya haidroliki ni hiyohiyo moja. Kuitoa pampu si mchezo: unamwaga oili yote, unang'oa kiti, unafungua bolti za kifuniko cha juu chenye silinda na mikono, unakinyanyua kwa mnyororo, unavuta shafti nyuma, ndipo pampu inatoka. Oili peke yake ndoo mbili za lita 20 zilikwenda, ikabaki kidogo sana. Pampu mpya laki sita na nusu. Ufundi juu yake. Nililipa. Nilikuwa na wateja wanangoja kulimiwa, ningefanyaje?

Nikarudi Magugu, tukafunga plau, nikanyanyua.

Linapanda, linashuka, linapanda.

Sasa hapa nitawatendea haki kidogo: kupanda lilipanda haraka kuliko zamani. Pampu ni mpya kweli, sibishi. Ila ugonjwa niliowapelekea ulikuwa pale pale, na ukizima injini diski chini kama kawaida. Mtu yeyote aliyewahi kukaa na Massey atakuambia kwamba ikiwa inanyanyua kwa nguvu ila haiwezi kushikilia, unatafuta inapovujia kwanza: oringi, yaani vipete vya mpira vya kuziba, za lile bomba linalopeleka oili juu kwenye silinda, sili ya pistoni, vali. Pampu iliyochoka kawaida inajionyesha kwa kushindwa kunyanyua, hasa oili ikipata moto. Hayo nilimwambia fundi mkuu niliporudi Arusha na trekta na plau lake, tena kwa heshima, nimevua kofia.

Akaniangalia. Mbele ya vijana wake na wateja wawili akasema, "Babu, wewe ni fundi? Ungekuwa fundi ungekuja hapa?" Vijana wakacheka. Halafu akaniambia sasa ni silinda, tununue silinda na pistoni, na kwamba trekta za namna hii mahali pake ni makumbusho. Mimi yule namzaa. Na si neno "babu" lililoniudhi, wajukuu ninao na wananiita hivyo kila siku. Ni jinsi alivyolitamka huku anafuta mikono, kama ananifuta na mimi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikashindwa hata kunywa chai niliyonunua.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja mwembamba, ovaroli imemzidi. Alisubiri bosi aende kula. Akaniambia, "Mzee shikamoo, hebu tuangalie kwanza kabla hujanunua." Akapunguza oili, akafungua kile kifuniko kidogo cha ubavuni, akawasha injini na kunyanyua plau. Akaniita nichungulie na tochi. "Ila mkono usiingize, mzee, ile inatoboa ngozi." Na ni kweli, oili yenye presha inapenya mwilini kama sindano ya daktari na unaweza kukatwa kidole kwa ajili yake. Nikachungulia. Mle gizani, pale bomba linapokaa kwenye pampu mpya ya laki sita na nusu, palikuwa na unyuzi mwembamba wa oili, mweupe kwenye mwanga wa tochi, unapiga ukuta wa ndani bila kukoma. Akishusha plau unakata. Akinyanyua unarudi.

Alizima injini, akashusha mikono, akafungua kibati cha juu na kulivuta bomba kwa huko huko juu, bila kugusa kile kifuniko kizito. Oringi ya chini ilikuwa imekauka, ngumu, imepasuka upande mmoja na imebaki na umbo la pembe badala ya duara. Aliiminya kwa kucha ikakatika. Ya juu nayo ilikuwa njiani. Hebu niambieni: ili kutoa pampu lazima lile bomba litoke. Kwa hiyo mtu alilishika mkononi, akaiona oringi hiyo, akafunga pampu mpya, halafu akarudisha oringi ya miaka hiyo yote! Oringi mbili mpya, elfu mbili.

Tukanyanyua plau, tukazima injini. Tukaenda kula, tukarudi. Liko juu.

Kwa hapo nilikuwa tayari kusamehe. Nasema kweli, nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno mazuri ya kuandika, kwamba gereji ina kijana mwenye akili, vifaa wanavyo, eneo safi, oili waliyoniwekea ni nzuri na hawakunipunja. Nilitaka tu pampu yangu ya zamani niondoke nayo. Spea ya zamani ni ya mteja, hilo kila fundi analijua. Dukani kwao mhudumu akaniambia zilishatupwa, zimeenda na mtu wa chuma chakavu. Nikasema sawa, basi. Nikageuka nitoke, na macho yangu yakaangukia rafu.

Miaka ya nyuma fundi wetu wa huku aliwahi kuifungua ile pampu kubadilisha vali, na kabla hajaitenganisha aliigonga nukta tatu kwa senta panchi, kile chuma chenye ncha cha kutia alama, mbili upande mmoja na moja ng'ambo, asije akakosea kuirudisha. Mimi ndiye nilimshikia tochi. Nikaiona pale juu imeoshwa kwa petroli, imepigwa rangi ya kijivu, ina kikaratasi cha bei. Nikaipindua. Nukta mbili. Nikazungusha. Nukta ya tatu.

Nikamwita fundi mkuu. Mnajua alijibu nini? "Pampu zote zinafanana, babu."

Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani. Sikupiga picha, simu yangu ilikuwa imezima chaji. Inawezekana kweli kuna fundi mwingine Tanzania hii anayegonga nukta tatu mahali palepale, mbili huku moja kule. Inawezekana. Lakini kama pampu ilikuwa imekwisha, kikaratasi cha bei ni cha nini? Na kama haikuwa imekwisha, laki sita na nusu yangu ilikuwa ya nini? Swali la pili nilimuuliza, akaenda kupokea simu.

Trekta sasa hivi iko shambani inalima na haidroliki imetulia, sijawahi kuiona hivi tangu baba akiwa hai. Dereva anafurahi. Nikiangalia kazi tu, nyota nne. Nikimkumbuka yule kijana, tano, na natamani angefungua gereji yake tumfuate wote. Nikikumbuka benchi la nje na ile chai, moja. Nimeweka mbili, na leo asubuhi nimepunguza ikawa moja, maana nilimpigia tena kuhusu pampu akasema niache kumsumbua.

Ukilazimika kwenda, omba yule kijana mwembamba, na kataa kufunguliwa kifuniko cha juu kabla hujachungulia ubavuni. Pampu yangu mtaikuta rafu ya pili, mkono wa kushoto ukiingia, nyuma ya vichujio vya dizeli. Ni nzima, nawahakikishia, vali zake nilizinunua mwenyewe. Msilipe zaidi ya laki mbili.