Kwa baiskeli kutoka Passau hadi Vienna: uzoefu wangu wa siku saba kando ya Mto Danube

Naishi Munich mwaka wa kumi sasa, na kwa muda wote huo baiskeli yangu ilikuwa ya kwendea kazini na sokoni tu. Wifi yangu alipokuja kunitembelea mwezi Julai kutoka Tanga, nikamwambia kwamba tutakwenda Vienna kwa baiskeli, alicheka akidhani namtania, kwa sababu yeye aliiacha baiskeli alipomaliza sekondari, na mimi sikuwahi kuvuka kilomita 20 kwa siku moja. Tathmini hii nawaandikia watu wa aina yetu. Waendeshaji wenye miguu ya chuma wana njia zao milimani.

Kipande tulichokichagua kina kilomita 320 hivi, nacho ni sehemu ndogo ya njia ya EuroVelo 6 inayoanzia pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa na kuishia Bahari Nyeusi. Passau, mji wa Ujerumani ulio mpakani na Austria, iko takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari, Vienna iko chini zaidi, na upepo wa bonde lile mara nyingi hutoka magharibi, ndiyo maana karibu kila mtu huelekea mashariki. Wengi huisifia njia hii kwa kuwa ni tambarare. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu kinachoifanya imfae mgeni wa safari ndefu ni kwamba anaweza kuacha wakati wowote. Kuanzia Linz reli haikai mbali na mto, na ukichoka Ybbs, Pöchlarn au Melk, unapandisha baiskeli kwenye treni na jioni uko Vienna. Hatukufanya hivyo hata mara moja, ila kujua kwamba tungeweza kulitupunguzia hofu.

Lakini zingatia kuwa siku ya kwanza na nusu ya pili hiyo treni haipo. Kati ya Passau na Aschach bonde ni jembamba, milima ya misitu imeubana mto pande zote mbili, na njia pekee ya kujiokoa ni meli za abiria, ambazo hupakia baiskeli kwa malipo lakini hazipiti kila saa. Mwenye wasiwasi na magoti yake apange siku fupi mwanzoni. Sisi tulikwenda kilomita 42 tu hadi Schlögen, tukiufuata ukingo wa kaskazini ambako magari ni machache, hasa ukishapita bwawa la umeme la Jochenstein. Penye kona maarufu ya Schlögen mto hugeuka ukarudi karibu kule ulikotoka, na njia ya ukingo huo hukatika, hivyo inabidi upande kivuko kidogo.

Kabla ya kuondoka Passau, tazama alama za mafuriko zilizochorwa kwenye mnara wa ukumbi wa mji. Alama ya Juni 2013, maji yalipofika mita 12.89, iko juu mno kuliko kichwa cha mtu, nayo inatosha kukukumbusha kuulizia hali ya maji, maana vipande vingi vya njia viko karibu sana na mto.

Kuingia Linz hakukutufurahisha. Baada ya Ottensheim njia hukimbia sambamba na barabara kuu, imetenganishwa vizuri na magari, lakini kelele za malori hazina mfano. Kesho yake tulipanda hadi kambi ya mateso ya Wanazi ya Mauthausen, ambayo sasa ni kumbukumbu ya taifa. Kilima ni kikali, tulishuka tukasukuma. Watu wapatao 190,000 walifungwa pale na katika kambi zake ndogo kati ya 1938 na 1945, na angalau 90,000 walikufa. Tulisimama juu ya ngazi 186 za machimbo, ambako wafungwa walibebeshwa mawe. Kilomita zilizobaki hadi Grein tuliziendesha bila kusemezana.

Mkasa wetu ulitokea mchana uliofuata, tukielekea Ybbs. Baiskeli tulizikodi Passau kwa euro 20 kwa siku kila moja, zikiwa na keria imara, mifuko ya pembeni isiyopitisha maji, na kasha lenye spana, viraka na pampu. Tairi la nyuma la wifi likapata pancha, na hapo ndipo tulipogundua kwamba mdomo wa pampu tuliyopewa haukuingia kwenye valvu za baiskeli hizo. Nilianza kutafuta namba ya duka. Yeye alikwisha kupindua baiskeli na kuvua tairi.

"Wifi, niletee beseni."

"Beseni nitalitoa wapi hapa?"

Alicheka mwenyewe, akateremka na tyubu hadi majini. Mzee mmoja wa Austria aliyekuwa akipita alisimama akatuazima pampu yake, wifi akaijaza tyubu upepo kidogo, akaizamisha katika Danube na kuizungusha taratibu hadi vipovu vilipotoka, kama mafundi wa kwao wanavyofanya kwenye karai. Akapiga msasa, akapaka gundi, akaipuliza ikauke, akabandika kiraka na kukikandamiza kwa kidole gumba. Dakika 20 hazikufika. Duka lile liliomba radhi kwa simu, lakini ushauri wangu ni huu: ijaribu pampu mbele ya mwenye duka kabla hujalipa.

Siku ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote, wala si kwa miguu. Ni makalio. Niliwahi kununua kaptura zenye sponji za kuvaa ndani ya suruali. Wifi alizikataa, akakunja kanga moja mara nne na kuifunga juu ya siti kwa kamba za viatu. Alifika Vienna akiwa na nafuu kuliko mimi.

Chakula kinahitaji mipango kwa sisi tusiokula nguruwe. Mikahawa ya vijijini katika jimbo la Austria ya Juu imejaa nguruwe, na hata tambi za jibini, ambazo ungedhani ni salama, pengine hunyunyiziwa vipande vidogo vya nyama yake, kwa hiyo uliza kabla ya kuagiza. Samaki wa maji baridi wanapatikana na ni wazuri. Vilevile mikahawa mingi ina siku yake ya mapumziko katikati ya wiki, na Jumapili maduka hufungwa. Tuliwahi kulala kijiji ambacho jiko la pekee lilikuwa limefungwa, tukashiba mkate na ndizi. Vyumba vya kulala, pamoja na kifungua kinywa, vilitugharimu kati ya euro 50 na 60 kwa kila mmoja.

Bonde la Wachau, kati ya Melk na Krems, linastahili siku nzima ingawa ni kilomita 38 tu. Monasteri ya Melk yenye rangi ya manjano unaiona tangu mbali. Karibu na Spitz vibanda vya wakulima vilikuwa vimejaa aprikoti, tunda dogo la manjano lenye kokwa moja, na huzungushiwa donge la unga na kuchemshwa likiwa zima ndani. Hapo tulivuka kwenda Arnsdorf kwa kivuko kisichotumia injini: kimening'inizwa kwenye waya mnene uliokatiza mto, nahodha hukikalisha mshazari, na mkondo wenyewe hukisukuma hadi ng'ambo. Wifi alivuka mara mbili kwa sababu ya kukistaajabia tu. Ukingo wa kusini una utulivu zaidi, na kutoka Rossatz unautazama mji wa Dürnstein na magofu ya ngome alikofungwa mfalme Richard wa Uingereza mwishoni mwa 1192.

Baada ya Krems mandhari hupungua uzuri, isipokuwa Zwentendorf, ambako utapita kando ya kinu cha nyuklia kilichojengwa kikakamilika na hakikuwahi kuwashwa, kwa kuwa katika kura ya maoni ya Novemba 1978 waliokipinga waliwazidi waliokitaka kwa kiasi kidogo mno.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki kwa ajili ya safari hii pekee, viza ya Schengen huombwa katika nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, yaani Austria, hata kama unatua Munich, na bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Wifi aliomba ya Ujerumani kwa kuwa muda mwingi alikuwa kwangu.

Njia naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya malori ya Linz. Baiskeli tulizirudisha Vienna kwa ada ya ziada, jambo lililotuepusha na kuweka nafasi za baiskeli kwenye treni ya masafa marefu. Mpokeaji aliikagua ya wifi, akakiona kiraka, akauliza ni fundi gani alikibandika. Wifi alikuwa ameinama anafungua kamba, anaitoa kanga yake.