Samaki wa tangi la pamoja ukiwa Mwanza: danio kwanza, oska abaki dukani

Tangi langu la kwanza nililijaza kwa macho. Dukani kulikuwa na oska wawili wadogo, kila mmoja kama kidole gumba, nikawachukua pamoja na gapi kumi. Mwezi haukuisha, gapi wakabaki watatu. Nilimlaumu paka wa jirani wiki mbili nzima. Kumbe oska hukua hadi sentimita 30, na kila kinachoenea mdomoni mwake kwake ni chakula. Muuzaji hakuniambia, nami sikuuliza.

Kwa hiyo hapa rangi haina kura. Nimewapanga kwa kuangalia nani anaishi na nani, katika maji ya bomba la Mwanza, ndani ya tangi ambalo fundi vioo yeyote atakutengenezea: sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 likijaa pomoni. Bei siweki, maana hupanda na kushuka kila mzigo unapoingia.

Kwanza maji, kwa sababu ndiyo yanayoamua nusu ya mambo. Bomba letu hutoa maji ya ziwa yaliyotibiwa. Ni maji laini. Wewe mwenyewe unajua sabuni inavyotoa povu upesi ukifua. Sebuleni kwangu kipimajoto hucheza kati ya nyuzi 23 na 27, basi pesa ya hita iweke kwenye tangi kubwa zaidi. Klorini huondoka ukiyaacha maji siku nzima kwenye ndoo isiyofunikwa. Na usiende kuchota maji, mawe au majani ufukweni ili kupamba tangi: utaleta konokono, na kichocho cha ziwa hili hupitia kwa konokono.

Namba moja ni danio milia. Ana mistari ya buluu, hafiki hata sentimita tano, na anavumilia makosa ya mtu anayeanza kuliko samaki yeyote niliyewahi kufuga. Maji laini hayamsumbui, baridi ya Julai haimsumbui. Masharti yake ni mawili. Nunua sita au zaidi, kwa kuwa wakiwa wawili watatu huanza kuwachokoza wenzao kwa kukosa kundi la kukimbizana nalo. Pili, tangi liwe na mfuniko. Danio huruka, na asubuhi utamkuta sakafuni amekauka kama dagaa wa soko la Mwaloni.

Namba mbili, korido, yule mwenye masharubu anayekaa chini. Danio wako juu, yeye yuko chini, hawagombanii kitu. Naye huishi kwa kundi, watano au sita. Muwekee mchanga laini, si kokoto zenye makali, maana masharubu yake huchubuka anapochokora. Ukimwona anapaa ghafla juu, anagusa hewa na kurudi, usikimbilie dawa. Anavuta hewa na kuipitisha tumboni, ndivyo alivyoumbwa. Wengi humnunua wakidhani atakula uchafu wa wenzake. Yeye hali uchafu huo. Mpe chakula kinachozama.

Gapi ninamweka wa tatu, na najua wapo watakaobisha. Ni mpole, ni mzuri, watoto wanampenda. Tatizo ni uzazi. Jike huzaa kila baada ya mwezi hivi, na hutunza mbegu za dume mwilini, hivyo anaweza kuendelea kuzaa miezi kadhaa bila dume yeyote. Ukinunua jike dukani, hesabu kwamba ana mimba. Mimi nachukua madume matupu. Plati ana tabia zilezile, ila mkia wake mfupi hauvutii wachokozi.

Neoni tetra ni wa nne. Maji yetu laini yanamfaa, ila tangi jipya humuua. Subiri tangi litimize miezi mitatu, kisha lete wanane kwa mkupuo.

Moli ni wa tano na wa mwisho. Anataka maji magumu. Kwenye maji laini huanza kutikisika palepale bila kwenda mbele, kisha anadhoofika. Mwenye kisima cha maji magumu anaweza kumpandisha daraja.

Wa kuwaacha dukani: oska umeshamsikia. Samaki wa dhahabu hupenda ubaridi kuliko wenzake na huchafua maji kupita kiasi. Pleko anauzwa akiwa na sentimita tano, anaishia na zaidi ya 30. Samaki malaika akikua humeza neoni. Na kifaranga cha sato, ambacho watu hununua kwa wafugaji wa vizimba kwa sababu ni rahisi, kitang'oa kila mmea na kupiga kila mwenzake.

Halafu kuna furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, na hapa nitakawia kidogo. Wapo watu Ulaya wanaofuga furu wetu kwa mapenzi makubwa, na aina mmoja ya furu hao, ambaye dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano, alipewa mwaka 1985 jina la nyererei kwa heshima ya Mwalimu. Sasa amewekwa kwenye kundi linaloitwa Pundamilia, Kiswahili kabisa. Jike humchagua dume kwa rangi. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba maji ya ziwa yakiwa na tope jike hatofautishi rangi vizuri, na aina za furu zinazokaribiana zinazaliana. Ni samaki wa ajabu, lakini si wa tangi la pamoja. Dume hulinda eneo lake na atawamaliza danio. Furu wanataka tangi lao, lita 200 na zaidi, mawe mengi ya kujificha, dume mmoja kwa majike kadhaa. Na samaki wa dukani akikuchosha, usimtupe ziwani. Sangara, ambaye hula furu, aliletwa humo miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka.

Usinunue wote siku moja. Tangi linahitaji wiki nne hadi sita ili bakteria wanaogeuza amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, waote kwenye chujio. Ukipata kipande cha sponji kutoka tangi la rafiki, muda hupungua. Anza na danio sita. Korido wafuate wiki tatu baadaye, gapi mwisho. Pampu ya hewa iwe ya kutumia betri pia, kwa ajili ya siku za mgao.

Dukani mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Asiyekula, aliyebana mapezi au mwenye vidoadoa vyeupe kama chumvi, mwache pamoja na wote walio kwenye tangi lake. Nyumbani elelesha mfuko juu ya maji robo saa, kisha watoe samaki kwa wavu na maji ya duka uyamwage nje.