Redio za mkononi nilizouziwa "za majini" Kampala

Mwenye boti, soma kabla hujatoa hela.

Nilinunua jozi kwenye duka moja katikati ya Kampala, upepo wa ziwani ulipokuwa unakaribia kuanza. Nilimweleza muuzaji waziwazi: navusha watu na mizigo kutoka mwalo wa Kasenyi kwenda visiwa vya Ssese, nataka VHF, yaani redio ya masafa yanayotumiwa na boti, ya kuongea na boti nyingine. Akazungusha kitufe cha chaneli hadi 16. "Hii ndiyo ya dharura, mzee. Ukiita hapa, ziwa zima linakusikia." Nikalipa.

Redio zenyewe si mbovu, lazima niseme haki. Betri inakaa kutwa na sauti ni safi.

Lakini siku injini ilipozima katikati ya maji, tukiwa na akina mama na watoto, tuliita kwenye hiyo 16 mpaka koo zikakauka. Boti yenye VHF ilikuwa mbele yetu, tunaiona. Haikugeuka. Waliotuokoa ni wavuvi walioona leso ya abiria mmoja ikipepea.

Fundi wa Entebbe akaziunganisha na kompyuta: UHF tupu, yaani masafa ya juu kuliko VHF, megahezi 400 na kitu. Chaneli 16 ya majini ni megahezi 156.8, nayo imo kwenye VHF. Redio ya UHF haifiki huko hata uipigie kelele namna gani. Ile 16 ya kwenye kitufe ni nafasi tu ya kuhifadhia masafa, na dukani waliweka walichotaka. Kumbe nahodha wa ile boti hakutupuuza. Hakuna kilichomfikia.

Nilirudi dukani kwa upole kabisa. Yule kijana hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Mzee, VHF, UHF, zote redio. Nyinyi watu wa samaki masafa mnayajulia wapi?" Mbele ya wateja! Mtoto ninayeweza kumzaa! Nikamwambia kulikuwa na watoto ndani ya boti. Akasema bidhaa ikishatoka dukani hairudi.

Nilikusudia kuzipa nyota tatu, kwa sababu shemeji yangu anazitumia kwenye bohari lake mjini na anazisifu. Humo ndani ya kuta za zege UHF inapenya vizuri kuliko VHF, na hapo ndipo mahali pake. Kwa mlinzi wa jengo, pengine hata nne.

Ila nikiandika haya namkumbuka yule mama alivyomfunga mwanawe kifuani kwa kitenge huku maji yakiingia, na sioni nyota ya kumpa mtu yeyote. Redio iliyouzwa kwa uongo wa namna hii ni mbaya, hata kama betri yake inakaa wiki. Sifuri kwa redio, sifuri kwa duka. Ukienda kununua, muuzaji aandike kwenye risiti VHF na 156.8, kisha aweke sahihi yake. Akisitasita, toka nje.