Kamera ya akili mnemba kwenye stoo ya mahindi, Busia: uzoefu wangu

Kamera yangu ya zamani ilikuwa inapiga kelele kwa kila kitu: paka, mvua, taa za bodaboda. Hii mpya, ya ujifunzaji wa kina (akili mnemba inayojifunza kutokana na mifano mingi), niliichukua kwa sababu moja tu. Nina stoo ya mahindi na maharage hapa Busia, upande wa Uganda, na nilitaka kujua gunia linaingia au linatoka.

Tazama picha moja ya kuli mwenye gunia mgongoni, kasimama nyuma ya lori. Anapakia au anapakua? Huwezi kusema mpaka uone kilichotangulia na kilichofuata. Kwa hiyo modeli hizi, yaani programu za kutambua vitendo kwenye video, husoma fremu nyingi (picha moja moja za video) kwa mfululizo. Yangu, fundi aliniambia, imejengwa juu ya SlowFast, kazi ya watafiti wa Facebook ya mwaka 2019: njia moja inachukua fremu chache kutambua vitu na mahali, nyingine inachukua nyingi kufuata mwendo.

Mwanzoni ilikuwa vichekesho. Kijana akiinua gunia la kilo 100, simu inaniandikia "kunyanyua vyuma". Mama anayegeuza mahindi kwa koleo juu ya turubai: "kuzoa theluji". Theluji, Busia! Ya kwetu iko Rwenzori, na hata huko sijasikia mtu wa kuizoa. Kisa ni kwamba modeli ilifundwa kwa Kinetics-400, hazina ya klipu za YouTube za sekunde kama 10 hivi, aina 400 za vitendo. Theluji na vyuma vimo, kuanika mahindi hakumo, nayo lazima ichague jibu kwenye orodha yake.

Dawa ikawa kuifundisha upya kwa klipu za stoo yetu wenyewe. Mimi na karani tulikaa kuziandikia majina: kupakia, kupakua, kugeuza, kupumzika, kuanguka. Kazi ya kuchosha, na ya kubishana pia. Mtu aliyesimama juu ya magunia akihesabu, tumwite nani? Lakini baada ya hapo, mchana inatofautisha kupakia na kupakua vizuri kabisa. Kuli mmoja alipoteleza kwenye ubao wa lori nikiwa Tororo, arifa ya "kuanguka" ilinifikia kabla karani hajapiga simu. Usiku, au malori mawili yakibanana, bado inababaika.

Kompyuta yake iko stooni, maana kurusha video kwenye intaneti kutwa kunamaliza bando. Tafuta betri ya akiba, umeme wetu mnaujua. Na wafanyakazi waambiwe: Uganda ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019. Wangu waliuliza kwanza kama "kupumzika" kutakatwa kwenye ujira. Nimekataa, na alama hiyo siletewi kwenye simu.

Bei ya kwanza niliyotajiwa haikuwa na kazi ya kufundisha upya. Ilikuja kama malipo ya pembeni. Ulizia hilo kabla hujatoa hata shilingi.