Miaka miwili na faiba Moshono: taa nyekundu, lori la moramu na siku mbili ninazodai

Kazi yangu ni kupanga safari za wageni wanaokuja Serengeti na Ngorongoro, na naifanyia nyumbani, Moshono, nje kidogo ya Arusha mjini. Kwa muda mrefu nilitegemea bando la simu. Mgeni akitaka tuonane kwa video jioni, sura yake inaganda mdomo ukiwa wazi, sauti inakuja baadaye kama mwangwi. Bando la wiki nililonunua Jumatatu, Alhamisi limekwisha, na watoto wote wanaapa hawakuligusa.

Nikahamia kwenye ruta ya laini, ya 4G, yaani kisanduku cha wifi unachotia laini ya simu. Asubuhi ilikuwa safi kabisa. Shida ilianza saa 1 usiku, watu wakirudi makwao. Mnara mmoja unagawa uwezo wake kwa simu na ruta zote zilizo chini yake kwa wakati ule, kwa hiyo jirani zangu wakianza kutazama mpira, mimi barua pepe yenye viambatisho inazunguka tu. Niliihamisha kutoka kabatini hadi kwenye dirisha linaloutazama mnara, ikapata nafuu ya kuonekana. Kama bado uko kwenye ruta ya laini, jaribu hilo kabla ya kutumia hela nyingine.

Faiba, yaani intaneti inayokuja kwa waya wa nyuzi za kioo, iliingia kwangu Novemba 2023. Kampuni sitaitaja, maana nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia, na nadhani nyingine hazitofautiani nayo sana. Kijana wa mauzo alifika getini na fomu. "Mama, utapata 20 Mbps, hautalia tena." Nilichotakiwa kumuuliza ni nguzo ya karibu iko wapi. Sikuuliza. Nikalipia, nikasubiri wiki tano, kwa sababu waya wao ulikuwa umeishia barabara ya juu na ilibidi wachimbie nguzo mbili kufika kwangu.

Hiyo 20 Mbps nayo ilinichanganya. Nilidhani ni megabaiti. Ni megabiti, na biti 8 ndizo zinazofanya baiti 1, kwa hiyo kwa makadirio mazuri unashusha megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Faili la GB 1 linachukua kama dakika 7. Kwa kazi yangu inatosha na kubaki. Lakini kama unanunua ukitarajia mara nane ya hapo, utaamini umeibiwa siku ya kwanza tu.

Na mimi niliamini nimeibiwa, miezi mitatu mizima. Fundi alifunga kisanduku cha faiba, ambacho ndicho ruta inayorusha wifi, sebuleni nyuma ya TV, kwa sababu waya ulipenyea hapo na yeye alikuwa na nyumba nyingine ya kuwahi. Ofisi yangu ni chumba cha mwisho, kuta tatu za tofali kati yetu. Nikipima kasi ofisini napata Mbps 3 au 4. Nilipiga simu huduma kwa wateja mpaka nikaijua ile nyimbo yao ya kusubiri. Kila mara dada ananiambia, "Kwetu huku inaonekana iko sawa, mama." Nikawa namwona mwongo.

Hakuwa mwongo. Fundi wa pili, mtu mzima mpole, aliingia, akachomeka kompyuta yake moja kwa moja kwenye kisanduku kwa waya, akanionyesha: 19 na kitu. Intaneti ilikuwa inafika. Iliyokuwa inakufa ni wifi yangu ndani ya nyumba. Akanieleza kwamba ruta inarusha masafa mawili: ya 5 GHz ina kasi lakini ukuta unaimaliza haraka, ya 2.4 GHz inapenya zaidi ila ni ya polepole na inasongamana na wifi za majirani. Dawa yake ilikuwa waya wa mtandao juu ya dari mpaka mezani kwangu. Nikamlipa kwa siku moja, na tangu hapo mgeni wangu hajaganda tena. Yule dada nilimwomba radhi kimoyomoyo, maana kwenye simu nilikuwa nimeshamsemea maneno.

Kuna siku ambazo hata kampuni haina la kufanya. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 taa zote kwenye kisanduku zilikuwa kijani na hakuna kilichofunguka. Nikazima, nikawasha, nikachomoa, nikapuliza vumbi. Kumbe nyaya za baharini, EASSy na SEACOM, zilikuwa zimekatika huko upande wa Afrika Kusini, na nchi nzima ilikuwa inahangaika. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hawa tunaowalipa kila mwezi wana kipande chao tu. Mwanga unatoka nyumbani kwangu kwa uzi wa kioo, unachangia njia na nyumba nyingine za mtaa, unaenda mjini, unateremka Dar es Salaam kwa mkongo, waya mkuu wa nchi kavu, halafu unaingia baharini kwa nyaya za watu wengine.

Ila la lori ni lao. Waya wanaoupitisha juu ya barabara yetu ulikuwa umelegea tangu masika, unaning'inia. Niliripoti mara mbili. Malori ya moramu yanapita hapa kutwa, na moja likaondoka nao. Kwenye kisanduku kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu maana yake mwanga hauingii kabisa, hata uzime na kuwasha ruta mpaka kesho. Nikawaambia hivyo hivyo. Bado wakaniambia nizime, nihesabu sekunde thelathini, niwashe. Nikahesabu. Fundi alikuja siku ya sita.

Siku hizo sita nilirudi kwenye ruta ya zamani ya laini, ambayo nashukuru sikuigawa. Iko kwenye droo na bando dogo ndani yake. Pia nina betri ndogo ya ruta, kwa sababu TANESCO wakikata, kisanduku cha faiba nacho kinazima hata kama waya uko mzima.

Kwa ujumla nawapa nne kati ya tano kwa intaneti yenyewe na mbili kwa mafundi wao wa nje. Nalipa 70,000 kwa mwezi, na nikikumbuka mabando niliyokuwa nanunua, sioni uchungu. Ukikatikiwa, dai namba ya tatizo na uandike tarehe. Wakikuzungusha, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanapokea malalamiko, ila watakuuliza kwanza kama ulishawalalamikia wenyewe, na hapo ndipo ile namba inakuwa na kazi.

Yangu niliitumia kampuni pamoja na picha ya waya uliolala barabarani. Kwa siku sita nilizokosa, wakaniongezea nne. Mbili bado nawadai.