Kikinga-upepo juu ya kabini: miezi saba ya safari za Malindi na Nairobi

Nimekaa miezi saba na kikinga-upepo cha faibaglasi juu ya kabini ya lori langu, ngao ya kuurusha upepo usiligonge boksi la nyuma, na sasa nina la kusema. Lori ni la tairi kumi, lina bodi ya boksi, na kazi yake kubwa ni kupeleka maembe Nairobi; msimu ukiisha tunabeba nazi. Boksi limeipita kabini kwa sentimita 85. Miaka minne ukuta ule wa bati ulipigana na upepo kilomita 600 kwenda, 600 kurudi, na gharama ya ugomvi huo nililipa mimi.

Aliyenifumbua macho ni ami yangu, nahodha wa jahazi huko Lamu kabla ya magoti kumgomea. Alikuja Malindi kumtazama mgonjwa, akalizunguka lori, akalipiga boksi kofi mbili. "Mwanangu, wewe kila siku wala upepo wa omo, na tanga hujashusha." Omo ni mbele ya chombo. Nikakosa jibu.

Kikinga na kazi ya kukifunga vilinigharimu shilingi 48,000 kwa fundi mmoja wa Mombasa. Safari mbili za kwanza zilinivunja moyo: niliokoa lita sita tu za dizeli, kiasi ambacho hata foleni ya Mtwapa ingeweza kukila. Nilikaribia kukivua.

Kilichonizuia ni kumbikumbi. Tulipita Voi usiku, mvua imetoka kunyesha, wadudu wamejaa kwenye taa. Asubuhi pale Mtito Andei utingo wangu alipanda kuosha kioo, akaniita: "Bosi, hebu njoo uone." Sehemu ya mbele ya boksi, kuanzia ukingo wa juu kushuka shubiri mbili, mabawa yalikuwa yameganda kwenye bati kama magamba ya samaki. Chini ya mkanda ule, bati safi kabisa. Nilielewa palepale. Kikinga kilikuwa kimelala mno. Upepo ulikipanda vizuri, lakini badala ya kuruka juu ya boksi uliligonga kwenye paji la uso. Fundi alikuwa amekifunga kwa pembe anayowafungia wateja wote, na boksi langu hakulipima. Hilo lilinikera sana, kwa sababu pembe ndiyo kazi yenyewe.

Tulikirekebisha wenyewe hapa Malindi. Mchomeleaji aliniongezea miguu mirefu ya nyuma, tukatoboa matundu matatu ili tuweze kukipandisha kidogo kidogo. Kisha tukabandika vipande vya uzi wa sufi mwekundu kwenye ukingo wa mbele wa paa la boksi, simu tukaifunga kwa mpira juu ya paa ikirekodi, tukaenda Gede hadi Matsangoni na kurudi. Kwenye tundu la kwanza nyuzi zilisimama na kuchezacheza kama zimepagawa. Kwenye la pili zilitulia, zikalala kuelekea nyuma. Hapo tukakaza nati.

Vipimo vyangu ni vya tenki. Najaza hadi shingoni kwenye pampu ileile hapa mjini, dereva ni mimi, na uzito nauangalia kwenye karatasi ya mizani ya Mariakani. Safari sita za kabla ya kufunga kikinga: wastani wa lita 412 kwenda na kurudi. Safari nane baada ya kurekebisha pembe: lita 391. Ni lita 21, karibu asilimia 5. Kwa bei niliyokuwa nikinunulia dizeli ni kama shilingi 3,500 kwa safari, kwa hiyo safari ya kumi na nne inarudisha pesa yangu. Kabini nayo imepungua kelele; ule mlio wa boksi nyuma ya kichwa umetulia.

Mwendo ndio unaoamua. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80, ambapo gavana, kile kidhibiti mwendo, inakukamata, upepo unaokuzuia unaongezeka kwa karibu asilimia 78. Ndiyo maana faida naipata Voi hadi Mtito, si kwenye foleni ya Mtwapa. Niliwahi kupeleka mzigo Mokowe, na kwa vizuizi na mwendo wa pole wa njia ya Lamu sikuona tofauti yoyote. Msimu nao una neno lake. Kusi ikivuma nasaidika zaidi wakati wa kurudi Pwani, maana ndipo inaponijia usoni. Kaskazi ikipiga ubavuni, huingia kwenye mwanya kati ya kabini na boksi, na kikinga hakiwezi kuizuia huko.

Mwendesha baiskeli yeyote wa Gede anaujua upepo wa lori: linakusukuma, kisha linakuvuta. Edwin Saltzman, mhandisi wa NASA, shirika la anga la Marekani, aliuhisi hivyohivyo akiendesha baiskeli California, na miaka ya 1970 yeye na wenzake wakaifunika gari kwa bati ikawa boksi lenye kona kali, wakaipima. Walipoviringisha kona za wima, ukinzani wa upepo ulipungua kwa asilimia 40. Walipoviringisha na za mlalo, upungufu ukafika asilimia 54. Boksi langu lina kona kali kama meza. Nikibadilisha bodi, kona ndizo nitakazoagiza kwanza.

Lawama nyingine ni nati. Zilizokuja na kikinga zililiwa na chumvi mwezi wa tatu, na mwezi wa tano ufa ukaanza kwenye tundu la kushoto. Nimeweka nati za stenlesi na vipande vya mpira chini yake, nazikagua kila safari.

Jirani yangu wa Shella anabeba mchanga kwenye lori la wazi, ameniomba namba ya mchomeleaji. Nimemsihi asipoteze pesa. Nyuma ya kabini yake hakuna ukuta wa kukingwa, kwa hiyo kikinga kitakuwa ndicho ukuta. Nimempa kamba, akaze turubai lake lisipepee.